Maneno mepesi ya Kiingereza ndo yanatuangusha, sio yale magumu (uzi mrefu)

Mpiga Chapa

Wakuu heshima kwenu. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu leo nataka nilitoe, na mwenye mfano wake aongezee maana najua siko peke yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kazini sehemu moja ambayo bosi alikuwa Mwingereza. Siku hiyo asubuhi nilikuwa nimemwambia kwamba kichwa kinanigonga vibaya. Saa tisa mchana akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaongea taratibu huku anaangalia meza: "I'm afraid we're going to have to let you go." Nikayapanga maneno kichwani moja moja. Afraid ni kuogopa. Let ni kuruhusu. Go ni kwenda. Nikaelewa kwamba ana wasiwasi na afya yangu na ananiruhusu niwahi nyumbani. Nikasimama nikampa mkono nikamwambia thank you so much, I really needed this. Akaniangalia tu. Nikachukua koti nikaenda zangu kulala.

Kesho yake nimefika mapema, nimewasha kompyuta, nywila inakataa. Naandika tena, inakataa. Mara ya tatu mwenzangu wa meza ya jirani akasogeza kiti akaniuliza kwa sauti ya chini, "kwani jana hukuitwa?"

Pale ndo nikajua nimeshafukuzwa kazi, na nilimshukuru aliyenifukuza.

Sasa angalieni ile sentensi. Hakuna neno hata moja ambalo sikulijua tangu shule ya msingi. Angeniambia your employment is hereby terminated, neno terminated ningelishtukia, ningeuliza, ningelitafuta kwenye kamusi. Neno gumu lina adabu, linakuambia mapema kwamba hulijui. Lakini let na go? Hayo nimekua nayo, sikuwa na sababu yoyote ya kuyatilia shaka. "Let you go" ni tafsida ya kufukuza kazi, kama sisi tunavyosema fulani kapumzishwa, na Mzungu akisikia kapumzishwa naye angedhani mtu kapewa likizo. Na "I'm afraid" pale haina woga wowote, maana yake ni nasikitika kukuambia. Mtu akianza na I'm afraid, kaa vizuri, habari mbaya iko njiani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nakusanya hivi vitu kwenye daftari. Nitakuwa naviweka hapa kidogo kidogo. Karibuni.

Tausi

Pole sana kaka Mpiga Chapa. Mimi langu ni hilo hilo pole. Mwenzangu alijikwaa kwenye ngazi nikamwambia "sorry!", akanijibu "why, it wasn't your fault". Nikabaki najiuliza kwani nimesema nimemsukuma? Mpaka leo sijui nilitakiwa niseme nini.

Mpiga Chapa

Dada Tausi umegusa penyewe. Sisi tuna maneno mawili, pole na samahani, na yanafanya kazi tofauti kabisa. Kiingereza kinayabeba yote kwenye sorry moja, na mtu akiisikia kwanza anafikiria samahani, yaani unaomba radhi kwa kosa lako. Ndo maana akakujibu sio kosa lako. Kwa pole ya kujikwaa wao huuliza "are you all right?" au "oh, careful!". Kwa msiba sorry inaingia ila wanaifunga na maneno mengine, "I'm so sorry for your loss" au "I'm sorry to hear that", hapo hakuna atakayedhani wewe ndo umeua. Na kwa pole ya kazi, ile ya kumkuta mtu anatoka jasho, hawana kabisa. Ukimwambia mtu sorry for the work atakutazama. Hilo ni pengo kwao, na kwa kweli mimi naona kwenye hili lugha yetu ni pana zaidi.

kijana_mtulivu

Mkuu mimi naomba msaada kwenye hizi "off". Nimefundishwa on ni kuwasha na off ni kuzima. Sasa nasoma habari, "the alarm went off and everyone ran outside". Kengele imezimika halafu watu wanakimbia? Nimeisoma mara tano.

Mpiga Chapa

Kijana hiyo ni nzuri sana, nimeshaiandika kwenye daftari ukurasa mzima.

The alarm went off, kengele IMELIA. The lights went off, taa ZIMEZIMIKA. The bomb went off, bomu LIMELIPUKA. The milk has gone off, maziwa YAMEHARIBIKA. She went off without a word, KAONDOKA bila kuaga. Kitenzi kile kile na kijineno kile kile, maana tano, na mbili kati ya hizo zinapingana uso kwa uso maana kengele inaanza na taa inakoma. Ukitaka kujua ni ipi usiiangalie off, angalia nani anafanya. Kitu chenye nguvu imebanwa ndani kama bomu, bunduki, kengele au mtego, kiki-go off kimefyatuka. Kitu kinachowaka kiki-go off kimezimika. Kitu cha kuliwa kimeoza.

Halafu ukija kwenye mikutano ndo balaa. "The meeting has been put off" mkutano umeahirishwa, utakuwepo siku nyingine. "The meeting has been called off" umefutwa, haupo tena. Mtu akichanganya hizo mbili anaweza kusubiri tarehe mpya ambayo haitakuja. Na "put off" hiyo hiyo ukimwekea mtu, "his manner put me off", haina kuahirisha, maana yake tabia yake ilinikatisha hamu.

Ila tusiwalaumu sana. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili anakutana na kupiga. Amefundishwa kupiga ni kumgonga mtu. Anasikia kupiga simu, kupiga pasi, kupiga picha, kupiga mswaki, kupiga magoti, kupiga chafya, kupiga hodi, kupiga kura, kupiga marufuku. Anajiuliza hawa watu mbona wagomvi hivi hata pasi wanaipiga. Kupiga yetu ndo get na put na run yao. Watu wa kamusi kubwa ya Oxford walipoipitia upya run kama kitenzi walihesabu maana zaidi ya 600, mia sita wakuu, kwa neno la herufi tatu. Kwa hiyo mtu akikuambia najua maana ya run, anajua moja au kumi.

Sauti ya Kati

Mimi kinachonisumbua ni yes na no. Meneja kaniuliza kwenye simu "haven't you sent the report?" nikajibu "yes" nikimaanisha ndiyo, sijatuma. Akasema great, akakata simu. Jioni ananiuliza iko wapi ananiona muongo. Kusema kweli hadi leo nahisi mimi ndo nilikuwa sahihi.

Mpiga Chapa

Kwa Kiswahili ulikuwa sahihi mia kwa mia. Mtu akikuuliza "hujala?" na kweli hujala, unajibu ndiyo, yaani unakubaliana na alichosema. Wajapani nao wanajibu hivyo hivyo. Kiingereza hakijali aliyeuliza kasema nini, kinaangalia tukio lenyewe. Umetuma? Yes. Hujatuma? No. Swali liwe na not au lisiwe nayo, jibu halibadiliki. Kwa hiyo "haven't you sent it?" ukiwa hujatuma ni "no, I haven't". Dawa ni kutokuishia kwenye yes au no peke yake, malizia na kitenzi, "no, not yet" au "yes, I sent it this morning", hapo hata ukikosea neno la kwanza la pili linakuokoa.

Na kitu ambacho wengi hawakijui, Kiingereza cha zamani kilikuwa na majibu manne. Swali la kawaida lilijibiwa yea au nay, na swali lenye kukanusha ndani yake lilijibiwa yes au no. Kufikia karne ya 16 utaratibu huo ulishaanza kuchanganyika, mpaka Thomas More mwaka 1532 akawa anamkosoa William Tyndale, yule mtafsiri wa Biblia, kwamba hajui pa kuweka nay na pa kuweka no. Yea na nay zikafifia, tukabaki na mbili zinazofanya kazi ya nne. Wafaransa bado wana "si" na Wajerumani wana "doch" kwa ajili ya kukataa kukanusha, kwa hiyo wao hawapati hii shida. Ulichoangukia wewe ni shimo ambalo lugha yenyewe ilijichimbia.

Nahodha Mstaafu

Vijana nawasalimu. Nimefanya kazi melini miaka mingi nina la kuongeza. Kuna msemo "three sheets to the wind", maana yake mtu kalewa chakari. Nimeshaona mtu anaueleza kwamba ni mashuka matatu yanapeperushwa na upepo. Sio mashuka. Sheet kwenye chombo cha tanga ni KAMBA, ile inayovuta pembe ya tanga, wenyewe tunaiita demani. Ikifunguka tanga linapigapiga hovyo na chombo kinayumba. Zikifunguka tatu, chombo kinayumba kama mlevi. Ndo asili yake hiyo. Hata Waingereza wengi wa bara hawaijui, wanadhani ni tanga lenyewe.

Na "taken aback", kushtushwa, ni upepo kugeuka ghafla ukapiga tanga kwa mbele likagandamana na mlingoti, chombo kinasimama kama kimekamatwa. Na "by and large", ambayo wanaitumia wakimaanisha kwa ujumla, by ni kwenda karibu na upepo, joshi, na large ni kwenda na upepo wa nyuma. Chombo kinachoweza yote mawili ni chombo kizuri kwa ujumla.

Mpiga Chapa

Nahodha shikamoo, na asante sana. Hiyo ya demani nilikuwa siijui. Na sisi tunayo ya kwetu ambayo watu wanaisema kila siku bila kujua imetoka majini, "mambo yameenda mrama". Mrama ni kuyumba kwa chombo upande huu na upande huu. Mtu wa bara ambaye hajawahi kuona jahazi anasema mipango imeenda mrama na kila mtu anaelewa. Ndo hivyo hivyo kwao.

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kabisa. Na wakati nimeshika kalamu, ile hadithi ya "posh", neno la kusema kitu ni cha kifahari, kwamba ni herufi za mwanzo za port out, starboard home, yaani upande wa kushoto wa meli wakati wa kwenda na wa kulia wakati wa kurudi, eti zilikuwa zinapigwa kwenye tiketi za matajiri wanaoenda India ili wapate vyumba vya upande wa kivuli, haina ushahidi. Haijawahi kupatikana tiketi hata moja yenye herufi hizo. Nimeisikia melini mara nyingi na inasimuliwa vizuri sana lakini si kweli.

kijana_mtulivu

Je "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa sana? Nimesoma kwamba zamani paka na mbwa walikuwa wanalala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikinyesha paa linateleza wanaanguka.

Mpiga Chapa

Si kweli. Hiyo ilisambaa kwenye barua pepe moja mwaka 1999 iliyojifanya kueleza maisha ya miaka ya 1500, imejaa asili za uongo za misemo, na mpaka leo inazunguka. Paa la nyasi likilowa mbwa hawezi kuwa juu yake, fikiria tu mbwa anapandaje huko. Kilichopo kwenye maandishi ni kwamba mwaka 1651 mshairi mmoja wa Wales alishaandika juu ya paa linaloweza kuhimili mbwa na paka wakinyesha kama mvua, kwa hiyo picha hiyo ina miaka mingi. Asili kamili haijathibitishwa na ni afadhali kuliacha hivyo kuliko kulitungia hadithi.

Hadithi ya kweli na iliyothibitishwa ni ya "OK". Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post liliandika o.k. kama kifupi cha "oll korrect", yaani all correct iliyoandikwa kimakosa makusudi, maana kipindi hicho waandishi wa Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wanaharibu tahajia. Vifupi vingine vya mchezo ule vilikufa. Hiki kikapona kwa sababu mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren aligombea tena, na alikuwa anaitwa Old Kinderhook kwa jina la kijiji chake, wafuasi wakakishika OK kama kauli yao. Uchaguzi alishindwa. Neno likabaki, na sasa hata wewe na mimi tunaandika oke kwenye meseji.

Bi Mkubwa

Mimi ni mwalimu nimestaafu. Naomba niseme kwamba hata wao kwa wao hawaelewani, msidhani ni sisi tu. Mwingereza akikuambia kazi yako ni "quite good" anamaanisha si mbaya, inapita. Mmarekani akisema "quite good" anakusifia. Nimeona mwanafunzi analia kwa quite moja.

Mpiga Chapa

Mwalimu shikamoo. Umenikumbusha mambo mawili na haya nitayaandika kwa urefu kwa sababu yanahusu maisha ya watu.

La kwanza ni "table". Kwa Mwingereza, to table a matter ni kulileta mezani lijadiliwe sasa hivi. Kwa Mmarekani ni kinyume chake, ni kuliweka pembeni lisijadiliwe. Churchill kwenye kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ameeleza kwamba maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa haraka wakawaambia wenzao wa Marekani wanataka ku-table. Wamarekani wakakataa kwa nguvu, kwao waraka ni muhimu sana haufai kufungiwa kwenye droo. Wakabishana muda mrefu na kwa hasira kabla ya kugundua kwamba wote wanataka kitu kimoja.

La pili linaumiza zaidi. Aprili 1951, vita vya Korea, kwenye mto Imjin. Brigedi ya 29 ya Uingereza imezidiwa na jeshi la China, na kikosi kimoja, cha Gloucestershire, kimezingirwa juu ya kilima. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi, Brigedia Thomas Brodie, alimweleza jenerali wa Marekani aliyekuwa juu yake kwamba hali ni "a bit sticky". Sticky ni ya kunata, a bit ni kidogo. Kwa ofisa wa Kiingereza wa enzi ile, "a bit sticky" maana yake tunakufa huku. Walilelewa kupunguza, kadiri jambo lilivyo kubwa ndivyo neno linavyokuwa dogo. Jenerali wa Marekani akasikia kilichosemwa, kwamba kuna ugumu kidogo, wanaweza kushikilia. Wale jamaa walishikilia mpaka walipoishiwa risasi. Zaidi ya 500 walichukuliwa mateka.

Sisemi neno moja ndo lilisababisha yote, vita vina mambo mengi. Lakini wale wawili walikuwa wanaongea lugha moja tangu kuzaliwa. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kamusi, ndo maana hakuna aliyeuliza.

Sauti ya Kati

Dah. Hii imenigusa.

Tausi

Kaka samahani naingilia. Nimesoma hii ya Waingereza kupunguza maneno nimepata hofu. Niko naandika tasnifu, msimamizi wangu ni Mwingereza, juzi kanirudishia sura ya pili na maoni haya nayanakili kama yalivyo: "This chapter leaves a lot to be desired, though it is not without merit." Nilifurahi sana. Nilielewa kwamba desired ni kutamaniwa, yaani sura inatamanisha, anatamani kusoma zaidi, na merit ni sifa. Nimeshamtumia na sura ya tatu. Nimekosea?

Mpiga Chapa

Dada Tausi nitakueleza wazi kwa sababu bado una muda wa kurekebisha.

"Leaves a lot to be desired" ni lawama. Picha yake ni hivi, sura yako imeacha mengi ambayo msomaji alitamani ayaone na hakuyaona. Kinachotamaniwa ni kile kilichokosekana. Kwa Kiswahili tungesema bado ina mapungufu mengi. Hiyo "a lot" inaongeza uzito wa mapungufu, haiongezi sifa.

Sasa nusu ya pili, "not without merit". Hapo kuna kukanusha mara mbili, sio bila ubora, kwa hiyo ina ubora fulani. Waingereza wanalipenda hili kwa sababu linasifia bila kujitoa sana. Asingeona kitu asingeliandika kabisa. Kwa hiyo ukiunganisha anakuambia: kazi hii bado sana, ila kuna kitu ndani yake kinachostahili kuokolewa.

Usikate tamaa na usijieleze kwa kurasa mbili. Mwandikie kwa ufupi umwombe akuonyeshe sehemu gani zina upungufu zaidi na ipi anaiona ina merit ili uijenge hiyo. Na mwambie asisome sura ya tatu kwanza.

Bi Mkubwa

Binti msikilize kaka yako. Nami niongeze, mambo mengine ya kuogopa kwenye maoni yao ni "interesting" ikiwa peke yake, na "you might like to consider". Hiyo "you might like" sio hiari, maana yake fanya. Na ukisikia "with respect" jua anakupinga, "with great respect" anakupinga zaidi, "with the utmost respect" kachukia.

Tausi

Asante kaka, asante mwalimu. Mikono inatetemeka lakini ngoja nimwandikie leo leo.

kijana_mtulivu

Sasa mkuu mtu atajifunzaje hivi vitu vyote? Misemo iko maelfu. Nanunua kitabu cha idioms nakariri?

Mpiga Chapa

Kukariri orodha mimi kulinishinda na sikushauri. Unakariri "kick the bucket" ni kufa, unakwenda kumwambia mfiwa I heard your father kicked the bucket, umemtukana. Maana ni kufa kweli, iko kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose tangu 1785, lakini ni kauli ya utani, ni kama kumwambia mfiwa baba yako kakata kamba. Kwa mfiwa ni "passed away", sawa na kwetu kufariki au kuaga dunia. Orodha inakupa maana, haikuambii nani anamwambia nani.

Ninachofanya mimi ni kutumia kamusi ya wanaojifunza badala ya ile waliyojiandikia wenyewe. Hizi zilianzishwa na walimu waliokuwa wanafundisha wageni. A. S. Hornby alitengeneza ya kwake akiwa Japani, ikachapishwa kwanza huko huko mwaka 1942, na Oxford wakaitoa 1948, na ndo mama wa ile Oxford Advanced Learner's ya leo. Hornby alikuwa anaona kila siku wanafunzi wanapojikwaa, kwa hiyo kamusi inakuonyesha neno linavyokaa kwenye sentensi na linaandamana na nani, na inakuambia kama ni la heshima au la mtaani. Ukilifungua neno usiishie maana namba moja. Shuka mpaka chini kabisa, vile vitenzi vyenye off, up, out viko mwishoni, na ndo huko let go ilikokuwa inanisubiri.

La pili, sentensi ikikuletea maana inayoshangaza kidogo, hata kidogo tu, simama. Siku ile nilishangaa kwa nini bosi amefunga mlango ili aniruhusu nikalale. Nilishangaa kwa sekunde moja nikaupuuza mshangao wangu. Ningemuuliza tu "do you mean I should go home today?" angenieleza.

Nahodha Mstaafu

Na maneno yenyewe yanageuka mwanangu, hata kitabu kinazeeka. Nimesoma kwamba "nice" zamani ilikuwa ni mjinga.

Mpiga Chapa

Ni kweli Nahodha. Imetoka kwenye Kilatini nescius, asiyejua. Ikapita mjinga, ikapita mwenye kuchagua-chagua, ikapita makini, ikaja kuwa nzuri. Na "silly" imekwenda njia ya kinyume, ilikuwa mwenye heri, mbarikiwa, ikashuka hadi mpuuzi. Na wakichukua la kwetu nalo linageuka. Safari kwetu ni mwendo wowote, hata wa kwenda hospitali, kwao safari ni kwenda kuangalia wanyama. Mzungu akikuambia I'm going on safari na wewe ukamjibu safari njema kwa kumaanisha mwendo, mmeelewana kwa bahati tu.

Sauti ya Kati

Mkuu kabla uzi haujalala, "sanction" ni ruhusa au adhabu? Kwenye habari naona zote.

Mpiga Chapa

Zote. "The board sanctioned the plan" bodi imeridhia. "Sanctions against the country" ni vikwazo. Ikiwa kitenzi mara nyingi ni kuridhia, ikiwa jina lenye s mwishoni mara nyingi ni vikwazo, lakini siku hizi hata kitenzi kinatumika kwa kuadhibu, kwa hiyo soma sentensi nzima. "Oversight" nayo hivyo hivyo, ni usimamizi na ni kupitiwa. "Due to lack of oversight" ni kukosa usimamizi. "Due to an oversight" mtu kapitiwa. Hiyo "an" ndogo ndo imebeba kesi nzima.

Tausi

Nimerudi. Nilimwandikia kama ulivyonielekeza kaka. Kanijibu baada ya saa moja. Kasema sehemu ya mbinu za utafiti ndo dhaifu, na uchambuzi wa mahojiano ndo aliouona una merit, anasema niuanze huo. Sura ya tatu hajaifungua. Nilimuuliza kama naweza kwenda kumuona, kajibu mstari mmoja tu: "By all means. Thursday at ten." Sasa hii "by all means" anataka niende kwa njia zote? Au kakasirika?

Mpiga Chapa

Hajakasirika dada. Hiyo ni karibu bila wasiwasi wowote. Alhamisi saa nne asubuhi, sio saa kumi, nenda na sura ya pili iliyochapwa na kalamu.